Daluga ya Kushoto

Mvua ya Tukuyu haiombi ruhusa.
Imeingia nasi chini ya turubai la Gwakisa, fundi viatu,
ikakaa katikati kama mwenye kibanda.

Asajile ndiye aliyeanza. Siku zote ni yeye:
"Mpira wa kurusha. Umerusha mwenyewe, mikono miwili,
ukaingia moja kwa moja golini kwa wapinzani. Goli?"
"Goli," akasema Ipyana, muuza vocha.
"Wapi!" akasema Gwakisa, misumari mdomoni. "Goli-kiki."
"Na ukiingia golini kwako?"
Nyundo ikagonga soli mara tatu.
"Kona," akajibu Subilaga bila kugeuka,
chai ikishuka kikombeni, mvuke ukipanda kilembani.

Hivyo ndivyo tunavyouzika msimu.
Kibisi Rangers imeshuka daraja Jumapili
kwa pointi moja,
moja, kama kifungo kilichodondoka njiani kwenda harusini,
na hakuna anayetaka kuitaja kwa jina,
basi tunataja sheria.

"Mpira ukimgonga refa, ukaingia?"
"Si goli. Unadondoshwa."
"Tangu lini?"
"Tangu wewe uache kusoma."
"Timu ikibaki na wangapi mechi inavunjwa?"

Hapo Ipyana akatazama matope.
Mwezi wa tatu tulikwenda Kiwira tukiwa wanane,
wengine walikuwa Isongole wanapakia lumbesa za viazi.
Mmoja akateguka, tukabaki saba.
Saba wanaruhusiwa.
Tukala sita, kihalali kabisa,
tukarudi tumelala juu ya kabichi za watu.

Juu ya kichwa cha Gwakisa kuna msumari,
na kwenye msumari daluga moja, ya kushoto,
ya Ambakisye, tangu Aprili,
inadaiwa shilingi elfu mbili.
Asajile aliitazama, akameza chai, akauliza
swali ambalo sote tulijua halikuwa swali:
"Mtu kavuka daluga kwa bahati mbaya,
kaendelea na soksi, kafunga. Inakuwaje?"

Siku ile ukungu ulishuka Rungwe kabla ya kipindi cha pili,
ukala nguzo za mbali, ukala kipa,
ukamla Ambakisye mguu mmoja ukiwa na kiatu,
mwingine na soksi ya kijani iliyotoboka kisigino.
Daluga ilibaki topeni, imesimama wima.
Hatukuona kitu.
Tulisikia tu mpira unaupiga wavu uliolowa,
paa! kama samaki anayebwagwa mezani,
na kibendera kikatokea kwenye weupe, kimenyooka.
Sare.
Kesho yake Ambakisye akapanda lori la Chunya, kwenye dhahabu.
Hajapiga simu.

"Goli," akasema Gwakisa. "Mpira haujatoka, soksi si kosa."
"Kibendera hakikuhusu soksi," akasema Ipyana.
"Kilihusu kuotea."

Sote tukaanza kutazama mvua,
tuliipenda mvua ghafla,
ili tusimtazame Subilaga
ambaye Jumamosi hufunga birika, hushika kibendera,
elfu tano na soda.

Akaweka birika chini.
"Sikuona," akasema.
"Hata mkono wangu sikuuona.
Nilisikia watu wanasema kaotea, kaotea,
nikainua."

Maji yalijaa kwenye tumbo la turubai.
Gwakisa akalisukuma kwa mpini wa nyundo,
yakamwagika yote barabarani, mbwa akaruka.

"Sheria ya ngapi hiyo?" Asajile, taratibu.
"Haimo," akasema Subilaga. "Nimetafuta."

Akamwongezea Ipyana chai, Ipyana hakuwa ameomba.
Akainywa.
Gwakisa akaishusha daluga msumarini,
akaanza kuchokoa udongo kwenye njumu kwa bisibisi,
udongo mweusi, mkavu,
wa lile goli.

"Haya," akasema Asajile, "penalti imepigwa,
mpira ukapasuka hewani..."